Watu wa Dornfels

Tulimzika Mama Neema mjini Buffalo, baridi ikiwa bado haijaiachia ardhi, na baada ya maziko tukarudi kwenye nyumba yake ya mbao katika mtaa wa Black Rock. Wanawake walikuwa wamejaa jikoni, wakimenya ndizi na kumsema marehemu jinsi watu wanavyosemwa matangani, kwa machozi na kwa meno. Nilikuwa nimeshika sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na samaki nikitafuta pa kukaa. Mama mmoja aliyekuja kwa gari kutoka Louisville alimwinamia mwenzake, akasema kwa Kiswahili chao cha Kivu, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha: "Ni huyu aliingiaka mu chumba ya mukwe wake." Mwenzake akatikisa kichwa. "Ni yeye. Mungu amuhurumie." Niliiweka sahani juu ya friji bila kuionja. Miaka ilikuwa imepita, watoto wa wakati ule sasa wana ndevu, na hukumu bado ilikuwa mbichi. Nikajiambia kwamba nisipoandika mimi, Mama Neema atabaki amefungiwa ndani ya sentensi hiyo moja. Lakini mambo ya chumba kile hayaelezeki bila kasri la Kijerumani lililosimama juu ya kilima ambacho sijawahi kukiona, na bibi kizee aliyelibeba kifuani huko Westerville, kaskazini mwa Columbus, mwaka 2015, nilipokuwa mwanafunzi mwenye njaa ya hadithi kuliko ya chakula.

Bibi huyo aliitwa Adelheid. Jina la ukoo wake lilikuwa refu, na mwisho wake ulikuwa Dornfels, jina la kasri lenyewe, kwa sababu kwao watu na mawe viliitwa kitu kimoja. Mwili wake ulikuwa mrefu na mzito, miguu haikumtii tena, kwa hiyo wakala aliyetuajiri kutunza wazee alituma watu wawili: mimi, Mumbi, Mkenya wa mwisho wa wiki, na Mama Neema, mkimbizi kutoka Kivu Kusini, aliyekuwa pale karibu kila siku. Mimi nilikuwa na Kiingereza lakini sikuwa na nguvu. Yeye alikuwa na nguvu, na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na majina ya vyakula. Tukawa mtu mmoja mwenye mikono minne. Nyumba ilinukia nta ya kung'arishia mbao na supu ya viazi, na mapazia mazito ya kijani yalizuia jua la Ohio hata wakati wa kiangazi, hivyo mtu ukiingia kutoka barabarani, ulihitaji kusimama kidogo mlangoni mpaka macho yakubali kwamba ni mchana.

Siku ya kwanza tulipomwogesha pamoja, Mama Neema alimsugua mgongo, akafika begani, akasimama. Chini ya mfupa wa bega kulikuwa na shimo lililofunga vibaya, ngozi imekunjamana kama mdomo wa mfuko uliokazwa kwa kamba. Akaliwekea kidole taratibu, akazunguka mbele, akakuta jingine.

"Hii ni risasi," akaniambia. "Iliingilia huku, ikatokea huku."

"Anasema nini?" Bi Adelheid akauliza.

Nikamwambia: anasema ni risasi.

"Yuko sahihi. Baba yangu alikuwa mlengaji hodari sana. Alikosea mara moja tu maishani, na ni hapo."

Kisha, kabla sijajua niweke wapi macho yangu, akageuza kichwa kwa Mama Neema na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya afisa: "Lete! Upesi!" Alitaka taulo. Tulibaki tumeduwaa, maji yakitudondoka viwikoni. Ikaja kujulikana kwamba ndugu wa babu yake alikuwa afisa katika koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, na aliporudi Dornfels aliwafundisha watoto wa kasri maneno machache jinsi watu wanavyomfundisha kasuku: lete, upesi, kimya, kiboko. Mama Neema alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. "Eh, Koko!" alisema, kwani huko kwao koko ni bibi. "Koko anajua Swahili ya kupigana tu. Ya kusalimia haiko!" Tangu siku hiyo alimwita Koko, na yule mwanamke wa ukoo mkubwa, aliyekuwa akiwasahihisha madaktari walipokosea kutamka jina lake, aliitika.

Historia ya kasri tuliipata vipande vipande, wakati wa kumwogesha, kumlisha, kumchana nywele. Mimi nilitafsiri. Ilianza na mauaji, na Bi Adelheid aliisimulia kama mtu anavyosimulia hali ya hewa. Ndugu wawili walipewa kilima na mtawala wao kama malipo ya vita, wakajenga mnara mmoja juu ya mwamba ili wawatoze wafanyabiashara waliopita bondeni na nyumbu wao. Asiyelipa alikatwa sikio, na masikio yalipigiliwa misumari langoni ili wanaofuata waelewe bila kuambiwa. Mnara ulipokamilika, mdogo alimwalika kaka yake aje aonje maji ya kisima kipya, na kaka alipoinama, akamsukuma. Alilia huko chini usiku kucha na mchana wake. Tangu hapo, mtoto wa Dornfels hanywi maji kabla ya kumwaga kidogo sakafuni, heshima kwa mzee aliye kisimani. Nilipotafsiri hayo, Mama Neema akapiga paja. "Donc, kumbe na bo banamwangiaka mizimu maji! Sasa muzungu anatupitaka sisi na nini?"

Vizazi vikapita, njaa ikaingia bondeni, na wakulima wakapanda kilima wakiwa na mundu na uma za nyasi kudai nafaka yao wenyewe. Bwana wa wakati ule aliwafungulia lango. Aliwakaribisha uani, akaamuru wapewe supu ya moto, kila mtu na bakuli lake. Walipokaa chini kula, lango likafungwa nyuma yao na wapiga mishale wakatokea juu ya kuta. Waliobaki hai walikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia, ili waweze kushika jembe lakini wasiweze tena kuvuta upinde. Nilikuwa nimeshika kijiko cha supu mbele ya mdomo wa Bi Adelheid nilipokuwa nikitafsiri hilo, na mkono wangu ukasimama hewani. "Endelea," alisema, akifungua mdomo. Baadaye, katika vita vya dini, askari kutoka kaskazini walikuja, wakawafungia wanawake wa kasri ndani ya mnara na kuuchoma. Mawe ya ndani yalibaki meusi, na Bi Adelheid alipokuwa mtoto, alikwenda na dada yake kuyasugua kwa kidole, kisha wakajipaka masizi kwenye mashavu na kucheza mchezo wa wanawake wanaoungua.

Kulikuwa na ukumbi mmoja uliojaa pembe za paa waliowindwa, na katika ukumbi huo, yule afisa wa Afrika aliweka mikuki yake, ngoma, na kigoda cha chifu. Kati ya fuvu la chui na fuvu la nyati, chini ya kioo, kulikuwa na fuvu la mtu. Mama Neema alikuwa akimchana nywele. Chanuo likasimama.

"Muulize jina yake."

Nikauliza. Bi Adelheid alifikiri kweli, sitamsingizia. "Hakuwa na jina," alisema. "Alikuwa chifu. Babu mdogo alisema alikuwa na shingo ngumu, kamba ilikatika."

Mama Neema aliliweka chanuo juu ya shuka, akatoka nje, akasimama kwenye nyasi za ua zilizokatwa vizuri, mikono kichwani. Niliona midomo yake ikitembea. Aliporudi, alimaliza kuchana, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, na yule bibi hakulalamika.

Leo, nikiwa na vitabu vyangu viwili na kiburi cha mtu anayeitwa kwenye majukwaa kuzungumza juu ya historia, najua ningepaswa kusema kitu siku ile. Wakati ule nilitaka hadithi iendelee. Mama Neema hakutaka hivyo. Yeye alisikiliza kwa namna nyingine, kama mtu anayesikiliza habari za jirani ambaye mbwa wake anaweza kuvuka ua. "Hata sisi tuna ba-Dornfels," aliniambia jikoni tukila bugali na maharage kwa mikono, sufuria kati yetu. Mdogo wake Riziki, aliyemlea tangu akiwa mgongoni, kambini, baada ya mama yao kufa, aliolewa na mtoto wa mwami, yaani mfalme wa kwao. Boma la mwami huyo lilikuwa juu ya kilima, ng'ombe hadi chini, na watu walivua viatu wakipita. Waasi wakaja. Walimkata mwami mbele ya wake zake, wakawakata wanawe, na huyu mmoja akabaki kwa sababu alilala chini ya kaka zake waliokufa mpaka wauaji wakaondoka. Sasa aliishi Louisville, mtaa wa Beechmont, akipanga maboksi katika ghala. Nyumbani na kanisani watu walimwita Prince. Ghalani walimwita kwa kumpigia mluzi.

"Iko mutu ya adabu sana," Mama Neema alisema. "Akikusalimia, anainama. Halafu anafunga mulango, anapiga mutoto yangu."

Mwanzoni mwa vuli, Riziki alifika Columbus kwa basi, akiwa na binti yake mdogo Sifa na mfuko mmoja wa plastiki. Nilimkuta kwenye nyumba ya Mama Neema, amekaa kwenye kochi, taya limevimba upande mmoja kama aliyeficha tunda. Hakuweza kutafuna, na dada yake alikuwa akimpa uji kwa kijiko kilekile cha Sifa. Alizungumza kupitia meno yaliyofungwa. Alisema Prince amenunua bastola. Huko Kentucky, alisema, ameinunua kirahisi kama mtu anayenunua simu. Kila jioni huitoa, huifuta kwa kitambaa cha kitenge, huiweka chini ya mto, na humwambia: hakuna mtu atakayechukua mke wangu na mtoto wangu tena. Hakuna. Nitawatangulia. "Atabatangulia kina nani?" Mama Neema aliuliza. Riziki akainua bega. "Bale bote. Anaonaka batu wanapanda mulima. Beechmont haiko hata mulima!" Alitaka kucheka, taya likamkatalia, machozi yakamtoka.

Wazee wa kanisa la Louisville walipiga simu wiki hiyo hiyo. Msemaji wao alikuwa Mzee Kashindi, mtu mwema, nasema bila kejeli, aliyeozesha na kuzika nusu ya Wakongo wa mji ule. Alieleza kwamba Prince amekiri kosa, amelia, atatoa mbuzi, na mke arudishwe kwa utaratibu. Utaratibu nilielezwa hivi: aliyemlea mwanamke humshika mkono, humfikisha kwa mumewe, wazee husema maneno yao, wote hula, basi imekwisha. Kwa kuwa Mama Neema alimlea Riziki, hakuhesabiwa shemeji, alihesabiwa mama mkwe. Mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawakai wakitazamana. Na chumba anacholala mkwe ni mahali ambapo mama mkwe hakanyagi hata nyumba ikiungua. Akikiona kitanda chake, ni kama amemwona mkwe uchi, na aibu hiyo haioshwi kwa mbuzi wala kwa ng'ombe. Mama Neema aliuliza kwenye simu kuhusu bastola. Mzee Kashindi akakohoa. "Bon, Mama. Kitu ya mwanaume iko mu chumba yake. Kikao hakiingiaka chumbani." Jibu hilo lilimtosha kila mtu aliyekuwa akisikiliza. Hata mimi, niliyesoma mpaka nikavaa miwani, liliniingia akilini bila kupiga hodi.

Ijumaa kabla ya safari, Bi Adelheid alisimulia siku ya mwisho ya Dornfels. Labda alituona jinsi tulivyokuwa, au labda zamu yake ilikuwa imefika tu. Alikuwa msichana wa shule. Mizinga ilisikika kutoka mashariki, vioo vikilia ndani ya fremu zake. Baba yake alikuwa amevaa sare ya wale walioitawala Ujerumani wakati ule, na alijua anatafutwa kwa nini. Asubuhi aliwaua farasi zizini, mmoja mmoja, akimwita kila mmoja kwa jina. Kisha mbwa. Kisha akaagiza familia wavae nguo za kanisani na meza iandaliwe kwa vyombo vya fedha. Walikula nyama ya paa. Baba aliongea juu ya wale ndugu wawili wa mwanzo, na juu ya mzee wa kisimani, akamwaga maji kidogo sakafuni. Aliinuka, akaomba radhi kwa kuacha meza, akaenda chumbani kwake mwisho wa ukumbi, akarudi na bunduki ya kuwindia. Alimpiga kaka, akampiga dada, akampiga mama, aliyekuwa akinyoosha kola ya Adelheid wakati huo, na ni uzito wa mama kumwangukia uliomfanya baba akosee. Aliyebaki alikuwa baba mwenyewe, na hapo hakukosea. Mtumishi wa jikoni, msichana wa Kipolandi aliyeletwa kwa nguvu kufanya kazi pale, alimburuta yule mtoto kwa aproni mpaka kwenye shamba la viazi. Askari walipofika walikunywa pishi zima, wakauchoma ukumbi wa pembe, mikuki, ngoma na fuvu lisilo na jina. Watu wa bondeni wakapanda baada yao, wakabeba mawe ya kasri, wakajengea mabanda ya nguruwe.

Nilikuwa nimechoka kwa kutafsiri. Mama Neema alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na kitanda, mikono kati ya magoti.

"Muulize: ile bunduki ilikuwa wapi?"

"Chumbani kwa baba."

"Mulijua?"

Bi Adelheid alitazama mapazia. "Mpishi alimwona akiitia mafuta. Mama alisikia farasi. Kila mtu alijua."

"Sasa ju ya nini hamukuingia kuitosha?"

Nikatafsiri: kwa nini hamkuingia kuitoa. Yule bibi alimgeukia Mama Neema, na uso wake, uliokuwa umepita juu ya masikio, vidole na mafuvu bila kutikisika, ukavunjika kama sahani. "Kimya!" alipiga kelele, kwa Kiswahili cha yule afisa. "Kimya! Kimya!" Akajifunika shuka hadi machoni.

Nilikuwa na gari kuukuu, kwa hiyo nikawa dereva. Tuliondoka Columbus Jumamosi asubuhi, Riziki nyuma na Sifa mapajani, akimsuka na kumsuka upya, Mama Neema mbele karibu nami akiwa amevaa kitenge chake kizuri cha bluu. Sifa aliuliza kwa Kiingereza kama baba ana ile katuni, mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, anayo. Tulivuka mto Ohio tukaingia Kentucky. Malori yakitupita, Mama Neema akasema kwa utulivu, kama anayetaja kitu alichosahau kununua: "Mumbi, ule Koko hakunijibu."

Nyumba ya Beechmont ilikuwa ya matofali, ndogo, safi kupita kiasi. Makochi yamevalishwa vitambaa vya kufuma, sakafu ya korido inang'aa, kreti za Fanta zimepangwa ukutani kusubiri amani. Harufu ya mbuzi na ya bugali iliyoiva ilijaa sebuleni. Wazee wanne walikuwa wamekaa na makoti yao. Prince alikuja mlangoni. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilitarajia jitu, nikamkuta mtu mwembamba mwenye macho ya mgonjwa, suti imembana mabegani. Aliinama. "Mama, karibuni kwenu," alisema, akitazama pembeni kama inavyompasa mkwe. Wakatupa viti. Riziki akakaa, Sifa mapajani. Mzee Kashindi akafungua kwa maombi, kisha akasema, "Bon. Bwana amekubali kosa yake. Bibi amerudi. Mama ametuheshimu. Tunaanza na hapo."

Mama Neema hakuwa amekaa. "Mzee, musamaha. Iko wapi?"

"Nini, Mama?"

"Ile kitu."

Wazee walitazama viatu vyao. Mmoja alicheka kidogo, cheko la kumsaidia mtu aliyekosea. Prince alikuwa bado ameinama, na nikaona shavu lake likianza kucheza peke yake.

"Mama, kaa," Mzee Kashindi alisema. "Chakula itapoa."

"Mi naingia," Mama Neema akasema.

Alivua viatu kama mtu anayeingia kanisani, akapita kati ya makochi, akashika korido ya kwenda vyumbani. Hakuna aliyeamini mpaka alipofika. Kisha Mzee Kashindi akasimama, sauti imempanda: "Mama! Weye ni mukwe! Mama, rudia hapo! Mungu wangu!" Na mzee mmoja, naapa, aligeuza uso akautazama ukuta na kujifunika macho kwa kofia yake. Mama Neema akasukuma mlango wa chumba cha kulala, akaingia.

Prince alichomoka. Alimfikia akiwa amekwisha kupeleka mkono chini ya mto, na alipomvuta, Mama Neema alijitupa kitandani kifudifudi, bastola ikiwa chini ya tumbo lake, akashikilia godoro kwa mikono yote miwili. Prince alimpiga ngumi kisogoni. Alimpiga mbavuni. Aliukamata mkono wake mmoja, akaupeleka kwenye pembe ya mlango uliokuwa karibu kabisa na kitanda, akaufunga mlango juu yake, akafungua, akafunga tena, na nikasikia mfupa, sauti ndogo kavu kama kuni. Mimi nilikuwa nimemrukia mgongoni, nimemng'ata sikio, damu yake mdomoni mwangu. Riziki alikuja na mwiko wa bugali uliokuwa bado na bugali, akampiga nao usoni, akalia, akampiga. Wazee walikuwa sebuleni. Hawakuwa waoga. Baadhi yao walikuwa wamevuka misitu na maiti wa watoto wao mgongoni. Lakini mama mkwe alikuwa juu ya kitanda cha mkwe wake, na hakuna neno katika utaratibu wowote linalomruhusu mwanaume kuingia akaone hivyo.

Kisha ikalia. Sijui kidole cha nani. Risasi iliupita ukuta ule mwembamba kama karatasi, ikatokea sebuleni na kupasua kreti ya Fanta karibu na kichwa cha Sifa, na vioo na soda ya rangi ya machungwa vikamwagikia suti za wazee. Ndipo wakaja. Walikuja wote, Mzee Kashindi mbele, wakamlaza Prince sakafuni na kumkalia, watu wazima wanne, wakilia kwa sauti. Prince hakupigana nao. "Banapanda," alisema, shavu kwenye zulia. "Musifungue. Banapanda mulima." Polisi walipofika, walihitaji kumwinua, kwa sababu miguu yake haikutaka. Bastola ilikuwa imejaa risasi. Siku ya mbuzi, siku ya amani, ilikuwa imejaa, na chini ya mto, mahali ilipokuwa, kulikuwa na gauni la Sifa la kanisani, jipya, limekunjwa vizuri.

Mimi ndiye niliyempeleka Mama Neema hospitali. Hakuna mwingine aliyepanda gari. Sahani zilibaki mezani kama zilivyokuwa, na mwanamke wa mzee mmoja, aliyekuja kusafisha vioo, alizunguka mbali na mahali Mama Neema alipokuwa amekaa akiushikilia mkono wake, kama mtu anayezunguka mwiba. Jioni hiyo Mzee Kashindi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imezeeka. "Mama, tungemwomba kwa adabu, angetoa," alisema. "Sasa umemuvua nguo mbele ya batu. Ile nyumba imekufa." Mama Neema alikuwa na plasta hadi begani na jicho limefungwa. "Mzee," alisema, "ile bunduki haiko mukwe wangu." Alinirudishia simu. Lakini usiku nilimsikia akimwomba mama yake aliyekufa msamaha. Riziki hakumshukuru. Kwa wiki nzima hakuongea naye kabisa, alipoongea, alisema, "Uliona kitanda yangu." Watu waliacha kuwatembelea, kwanza Louisville, kisha Columbus, kwa kuwa habari hizo husafiri haraka kuliko basi. Mwishowe dada hao wawili walisikia kwamba Buffalo kuna nyumba kuukuu za bei ya chini karibu na mto, na watu wachache wa Kivu wanaotoka vilima vingine, wasiowajua. Wakaamua kwenda kuanza upya pale, Mama Neema na mkono usionyooka, Riziki, na Sifa aliyekataa kunywa soda ya rangi yoyote.

Kabla ya kuondoka alikuja Westerville kuaga. Nilikuwa na zamu. Mapazia ya kijani yalikuwa yamefungwa, na Bi Adelheid, ambaye nilikuwa nimemweleza yote kwa sababu aliniuliza kila siku kwa nini mikono ni miwili badala ya minne, alikuwa amekaa wima kitandani akiwa amevaa blauzi ya shingo ndefu niliyomfunga vifungo tangu asubuhi. Alimtazama Mama Neema kwa muda mrefu, plasta, jicho, kitenge. Sikusikia lete wala upesi.

"Mwambie akae," aliniambia. "Mwambie anieleze alivyoingia."

"Nilikwisha kukueleza, Bi Adelheid."

"Yeye. Mwanzo mpaka mwisho."

Basi Mama Neema akakaa kwenye stuli ileile, akaeleza, nami nikatafsiri. Yule bibi alimkatiza kila hatua. Kulikuwa na watu wangapi kwenye viti? Waliongea nini? Alivua viatu kwa nini? Mtu alimwita? Alipoitwa, aligeuka? Mama Neema alijibu kila swali kwa subira, kama anavyojibiwa mtoto anayetaka hadithi isirukwe. Hapana, hakugeuka. Ndiyo, alisikia jina lake. Alipofika mlangoni, Bi Adelheid aliinua mkono wake mrefu, wenye madoa, akamzuia.

"Huo mlango," alisema. "Ulikuwa mzito?"

Nikatafsiri. Mama Neema alifikiri, akapima hewani kwa mkono wake mzima.

"Hapana. Ilikuwa mulango ya nyumba ya kupanga. Mwepesi. Hata mutoto angesukuma."

Nilimwambia. Bi Adelheid alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule nilimwona akilia, bila sauti, machozi yakiingia kwenye kola ya blauzi.

"Wa kwetu pia," alisema, "haukuwa mzito."